Roshani Bila Mtaa: Kuzisoma Ramani za Jeddah Mpya

Wasomaji wetu watuwie radhi tukianza na neno moja tu, maana makala yote yamesimama juu yake. Neno lenyewe ni roshani. Sisi wa Unguja tukisema roshani tunakusudia kile kibaraza cha ghorofani kinachotokeza nje ya ukuta, ambapo watu wa nyumba hukaa alasiri wakapunga upepo na kutazama njia. Watu wa Jeddah wakisema roshan, na wingi wake rawashin, hukusudia dirisha kubwa la mbao za msaji, lililotokeza nje kama sanduku, lenye vimilango na vijiti vilivyopangwa hata aliye ndani akamwona aliye njiani, na aliye njiani asimwone aliye ndani. Neno ni moja na asili yake ni Kiajemi. Limesafiri baharini pamoja na mbao, mchele na mahujaji, likashuka bandari moja kwa maana ya dirisha na bandari nyingine kwa maana ya kibaraza.

Tumelikumbuka neno hili kwa sababu miaka michache iliyopita tulikuwa Riyadh kuwatembelea wajukuu, na kijana wetu akatupeleka kwenye maonyesho ya nyumba na viwanja. Riyadh ni mji wa bara, siku nzima ya gari kutoka pwani ya Jeddah. Humo ukumbini, chini ya viyoyozi, tuliona juu ya meza pwani ya Jeddah imetengenezwa ndogo: bahari ya kioo, miti ya plastiki, vijumba vyeupe vyenye taa ndani. Mbele ya vijumba vile palikuwa na vidirisha vya hudhurungi vilivyotokeza kidogo. Tukauliza ni nini vile. Kijana mmoja mwenye adabu sana akatujibu kuwa ni rawashin, turathi ya Hijazi. Tukamuuliza vinafunguka? Akacheka, akasema la, ni pambo.

Hatukukusudia kumtahayarisha. Lakini jibu lake lilitufuata hadi Jeddah, na ndilo lililotufanya tukae kitako kuzisoma hati za miradi hii kama tunavyosoma waraka wowote wa taarikhi: nani ameuandika, anasema nini, na nini hakukisema.

Dirisha na kazi yake

Kampuni kubwa ya kujenga mitaa ya makazi nchini Saudia, iliyoundwa mwaka 2020 chini ya Mfuko wa Uwekezaji wa Umma, inaitwa ROSHN, na jina hilo limetokana na dirisha tunalolizungumza. Mradi wake mkubwa wa Riyadh unaitwa SEDRA. Jeddah inayo miwili: ALAROUS, kwa kuwa Jeddah yaitwa Bibi Arusi wa bahari, na MARAFY, ambao umetangazwa mwaka 2023 kuwa utakuwa na mfereji wa maji wa kilomita 11 na wakaazi zaidi ya 130,000.

Msomaji wa taarikhi atashangaa kidogo. Nyumba ya kale ya Riyadh haikuwa na roshan. Ilijengwa kwa udongo, ikaipa njia mgongo na kufungua moyo wake ndani, kwenye ua. Kwa nje ilikuwa na mlango na vitundu vidogo vya pembe tatu vya kupitishia hewa. Hiyo ndiyo hekima ya bara, kwenye jua kali, vumbi na baridi ya usiku. Nyumba ya Jeddah ilifanya kinyume. Ilipanda juu ghorofa tatu, nne, tano, ikaielekea bahari na njia, ikafungua kifua chake ili upepo upite. Basi dirisha la pwani limekwenda bara kuwa jina la kampuni, na sasa linarudi pwani kuwa pambo la ukuta.

Ili tujue kilichopotea katika safari hiyo, tutazame roshan ilikuwa na kazi gani. Kwanza ilikuwa chombo cha upepo: hewa ya baharini ilipita katikati ya vijiti na kushuka ngazi. Pili ilikuwa mahali pa maji: mitungi iliwekwa humo ili upepo uipoze. Tatu ilikuwa kitako: ndani yake palikuwa na kiti kilichoinuka, watu wakakaa na wengine wakalala. Nne, na hili ndilo kubwa kwetu, ilikuwa jicho la nyumba juu ya mtaa. Mama aliyekaa rosheni, kama wasemavyo wazee wetu wengine, alijua mtoto wa nani ameanguka, muuza samaki amefika wapi, na mgeni aliyebisha mlango wa jirani ni nani. Roshani haina maana bila ya mtaa wa kutazamwa. Ukiibandika juu ya ukuta unaoelekea banda la gari, umebakisha mbao tu.

Chini ya nyumba hizo palikuwa na mambo mengine. Mawe yake yalikatwa baharini, kwenye matumbawe, kama yalivyokatwa ya kwetu Unguja na ya Lamu. Sisi tukafungia dari kwa boriti za mikoko, wao wakapitisha mbao ndani ya kuta ili zisipasuke. Sehemu ya chini ilikuwa ya wageni na biashara. Ukifika msimu wa hija, wenye nyumba walihamia juu kabisa, hata sakafuni kwenye paa, na vyumba vya chini wakawapangisha mahujaji. Mawakili wa Jeddah waliwapokea mahujaji wa kila nchi bandarini na kuwatia majumbani kabla ya kupanda kwenda Makka. Kwa hiyo nyumba ilikuwa mlo wa mwenyewe na kivuli cha mgeni kwa pamoja. Usemi wetu wa mgeni njoo, mwenyeji apone, kwa watu wa Jeddah haukuwa methali, ulikuwa hesabu ya mwaka.

Ukuta na maji

Jeddah imekuwa bandari ya Makka tangu Sayyidna Uthman bin Affan, radhi za Mungu zimfikie, alipoichagua mwaka 26 wa Hijra, sawa na 647. Kwa karne nyingi iliishi na kiu. Mvua zilipochimbuka zilihifadhiwa katika birika za chini ya ardhi, na maji yaliuzwa kwa mtungi. Wenyeji wa umri wetu bado wanalijua neno kindasa, lililotokana na jina la mashine ya Kizungu ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, ambayo ilifika huko tangu zama za Waturuki.

Kisha ukaja mwaka 1947. Mwaka huo huo mambo mawili yalitokea: ukuta uliouzunguka mji ulivunjwa, na maji ya Wadi Fatima yakaletwa kwa mabomba ya Ain al-Aziziyya. Mji uliokuwa na mitaa minne ya asili, Harat al-Sham, Harat al-Yaman, Harat al-Mazlum na Harat al-Bahr, wenye watu makumi machache ya maelfu, ukamwagika pande zote. Leo una zaidi ya milioni tatu na nusu. Bahari nayo ikasukumwa: pwani ilijazwa kifusi hata Harat al-Bahr, mtaa wa bahari, ukabaki na jina huku maji yakiwa mbali.

Katika miaka ya 1970 fedha za mafuta zilifika zote kwa mara moja. Meya Mohamed Said Farsi, aliyeushika mji kutoka 1972 hadi 1986, hakuruhusu mji wa kale ufutwe, na hilo tunamshukuru. Wataalamu wa Kiingereza wa Robert Matthew, Johnson-Marshall walichora mpango wa mji na kuzipanga nyumba za kale kwa daraja, hii ya kwanza, hii ya pili, hii ya tatu. Kazi yao ilikuwa kubwa. Lakini walihesabu nyumba, hawakuhesabu wakaazi. Wenye nyumba walikuwa wakihamia kaskazini kwenye majumba ya saruji na viyoyozi, na wakipangisha vyumba vya kale kwa wafanyakazi wageni, chumba kimoja watu wanane. Nyumba ya daraja la kwanza isiyokuwa na mwenyewe ndani yake iliungua au ilianguka sawa na ya daraja la tatu.

Mwaka 2014 mji huo wa kale uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia kwa jina la Jeddah ya Kihistoria, Lango la Makka. Mwaka 2019 zikatolewa riali milioni 50 kuzitengeneza nyumba 56 zilizokuwa hatarini. Wachimbaji waliochimba, pamoja na mahali pengine, msikiti wa Uthman bin Affan, walitangaza mwaka 2024 vipande 25,000 vya vitu vya kale, na miongoni mwao mbao za mpingo zinazodhaniwa kutoka Ceylon. Hayo yote ni mema na tuliyafurahia. Nyumba ya Nasseef, ile yenye mwarubaini mbele yake na vyumba 106, alimoshukia Mfalme Abdulaziz alipoingia mjini Disemba 1925, imesimama na watu huingia kuitazama.

Hati na lugha yake

Sasa tuje kwenye ramani mpya. Tarehe 17 Disemba 2021 ulitangazwa mradi wa Jeddah Central: mita za mraba milioni 5.7 katikati ya pwani, gharama riali bilioni 75, nyumba 17,000, na kilomita tisa na nusu za ukingo wa bahari. Nguzo zake zimetajwa nne: nyumba ya opera, makumbusho, uwanja wa michezo, na hodhi kubwa la samaki pamoja na mashamba ya matumbawe. Sehemu ya ardhi hiyo ndipo kilipokuwa kiwanda cha kusafishia maji ya bahari, mrithi wa kindasa. Mfuko ulioutoa una makao yake Riyadh.

Hati ya mradi inasema kuwa ujenzi utachanganya usasa na mtindo wa Kihijazi. Tumeisoma mara nyingi, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, lugha mbili tulizosomeshwa tangu utotoni, na tuna mambo matatu ya kusema juu ya lugha yake.

La kwanza ni kuwa inahesabu kila kitu isipokuwa watu. Tunajua idadi ya nyumba, vyumba vya hoteli na kilomita za ufukwe. Hatukusoma popote nani atakaa humo: mwenye duka la vitambaa wa Suq al-Alawi? Mwalimu? Mjane anayepangisha chumba? Mtaa wa pwani kwa asili ni mchanganyiko wa tajiri na fukara chini ya kivuli kimoja. Mpango usiomtaja mpangaji umekwisha kumtoa.

La pili ni kuwa unautazama mtindo kama nguo. Mtindo wa Kihijazi haukuwa sura ya nje tu; ulikuwa jawabu la masuali manne: joto, stara, mgeni na riziki. Kiyoyozi kimejibu suala la joto, hatulikatai hilo. Lakini stara, mgeni na riziki havijibiwi na kiyoyozi. Nyumba isiyoruhusiwa kuwa na duka chini wala mpangaji juu si ya Kihijazi hata ukiivalisha rawashin ishirini.

La tatu ni neno ardhi. Katika hati hizi ardhi ni ukurasa mweupe unaongoja kalamu. Sisi tuliopitia majalada ya wakfu na ya mahakama tunajua kuwa ukingo wa bahari hauna ukurasa mweupe. Pana aliyeanika nyavu, pana kaburi, pana msikiti, pana aliyeshuka jahazini akakaa.

Kwa insafu lazima tuseme na la upande wa pili. Mji kama Jeddah hauwezi kuachwa ujikulie wenyewe. Tarehe 25 Novemba 2009 mafuriko yaliua watu zaidi ya 120 kwa saa chache, wengi katika mitaa ya mashariki iliyojengwa ndani ya mikondo ya mabonde, na mwaka 2011 maji yakarudi. Mwenye kuwaambia watu wasijenge mkondoni si adui yao. Vijana wa Saudia nao wanahitaji nyumba, na kampuni inayozijenga kwa maelfu, na miti na njia za miguu, inafanya jambo ambalo miaka ya 1980 halikufanywa. Ugomvi wetu hauko na kujenga.

Mitaa iliyoondoka

Kuanzia Oktoba 2021 hadi mwisho wa mwaka 2022 mitaa zaidi ya 60 ya Jeddah ilivunjwa, yote au sehemu yake. Tusichanganye: si mitaa hiyo yote iliyopisha majengo ya mradi tulioutaja. Lakini mambo haya yalikwenda kwa wakati mmoja na kwa fikra moja ya mji mpya. Ghulail, Petromin, Karantina, al-Sabil, al-Nuzla al-Yamaniyya, al-Kandara, al-Hindawiyya. Msomaji ayatazame majina hayo. Karantina inatukumbusha mahujaji waliozuiliwa kwa hofu ya kipindupindu. Petromin ni jina la shirika la mafuta. Al-Sabil ni maji ya sadaka ya njiani. Al-Hindawiyya na al-Yamaniyya zinasema wazi zilikotoka. Ni taarikhi ya mji kwa maneno saba, na haikuwekwa katika daraja lolote, la kwanza wala la tatu.

Kwa mujibu wa hati ya manispaa iliyonukuliwa na Amnesty International, walioguswa walikuwa zaidi ya watu 558,000. Fidia ilitangazwa kwa raia. Shirika hilo lilisema wasiokuwa raia, ambao ni asilimia 47 ya waliohamishwa, walikuwa nje ya fidia. Neno lililotumika kuielezea mitaa hiyo ni ashwaiyyat, yaani mambo yaliyojengwa ovyo, kwa kubahatisha. Hapa ndipo mwanataarikhi anaponyanyua mkono. Aliyekuja hija kutoka Kano, Borno, Hadhramaut, Bukhara, Jawa au pwani yetu, akaishiwa na nauli au akaghilibiwa na mapenzi ya Haram, akakaa karibu na wa kwao, akajenga chumba, kisha cha pili alipooa, huyo hakubahatisha. Alikuwa na sababu kwa kila tofali. Hijazi yenyewe inawajua: familia zinazoitwa Bukhari, Hindi, Hausawi, Barnawi, Fallata ni raia na wanazuoni wa nchi hiyo leo. Profesa Ulrike Freitag, katika kitabu chake juu ya taarikhi ya Jeddah kilichotolewa na chapa ya Cambridge mwaka 2020, amefanya kazi kubwa kuonyesha namna mji huu ulivyowapokea wageni na kuwatia katika mwili wake. Kitabu hicho kilikuwa bado cha moto wakati matingatinga yalipoanza.

Tunasema haya na tunayo sehemu yetu ndogo. Tulifika Jeddah mara ya kwanza mwaka 1974, kuhiji pamoja na marehemu mama. Baada ya hija mama alitaka kumwona shangazi yake, aliyekwenda hija kabla ya vita vikuu vya pili na hakurudi Unguja. Tulimkuta katika mtaa mmoja wa kusini, bibi mwembamba, chumba kimoja na ukumbi, anakaanga sambusa na vitumbua na kuwauzia majirani. Kiswahili chake kilikuwa cha zama za babu zetu, maneno ambayo mama mwenyewe alikuwa ameyasahau. Mbele ya dirisha lake alikuwa amepigilia vipande vya mbao za masanduku ya chai, vimepangwa vijiti vijiti. Mama akamuuliza, bi mkubwa, hii nini? Akajibu: "Roshani yangu hiyo, mwanangu. Naona njia, nao hawanioni."

Alifariki katika miaka ya 1980, na chumba kikachukuliwa na watoto aliowalea, si wa damu yake. Kilichotufikia ni karatasi moja tu ya mkono ya kununulia chumba kile, bila ya muhuri wa mahakama. Karatasi hiyo haina namba ya kiwanja. Inasema: upande wa kibla, nyumba ya Mhadhrami muuza mkaa, upande wa bahari, njia, upande wa Sham, nyumba ya Mhausa mshoni, upande wa Yaman, ukuta wa mjane wa Kijawa. Ndiyo mipaka yake: watu watatu na njia. Mbele ya sheria karatasi hiyo haina thamani, na hatuidai kitu. Kwa mwanataarikhi ni hati ya mji mzima.

Tulikwenda tena mwaka 2023. Dereva alituzungusha mara tatu, kisha akasimama kwenye uwanja wa changarawe. Hatukuweza kujua upande wa Sham ni upi.

Wasomaji wetu wengi wana vyeti vya nchi nyingine leo, na watapenda kujua kuwa Julai 2025 ilipitishwa sheria mpya ya kuwaruhusu wasiokuwa raia kumiliki majengo katika maeneo yatakayotengwa, ikapangiwa kuanza Januari 2026. Riyadh na Jeddah zinatajwa sana. Ruhusa iliyokuwepo kabla yake ilikuwa na masharti ambayo asiye na karatasi kamili hakuweza kuyatimiza. Hatuna la kuilaumu sheria hiyo. Tunasema tu kuwa mgeni mwenye fedha atakapofungua mlango wake kwenye ukingo wa bahari, ajue kuwa palikuwa na wageni kabla yake waliokaa miaka sitini bila ya mlango wa kisheria.

Sisi na Ng'ambo

Asije msomaji akadhani tunainyoshea kidole nchi ya watu. Sisi wa Unguja tulitangulia katika makosa haya. Mwaka 1923 Lanchester alichora mpango wa mji wetu, na Mji Mkongwe akautazama kwa jicho moja na Ng'ambo kwa jicho jingine: huku mji, huko mabanda. Mwaka 1958 akaja Kendall. Mwaka 1968 wakaja wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, na mwaka 1982 Wachina. Kila mmoja alikuta Ng'ambo ukurasa mweupe. Lakini Ng'ambo ilikuwa na watu wenye fikra kamili juu ya ardhi: mwaka 1928 walikataa kulipa kodi ya viwanja, wakisema nyumba ni yao na hawaoni kwa nini walipie mchanga uliokuwa chini yake, ingawa viwanja vingi vilikuwa vya matajiri au vya wakfu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba za udongo na makuti zilivunjwa kupisha majumba marefu ya Michenzani. Waliopewa fleti walipata maji ya bomba na umeme, na wapo wanaoyasifu hadi leo. Lakini waulizeni wazee wa Michenzani baraza zao zilikwenda wapi. Baraza ya mbele ya nyumba ndiyo roshani ya maskini: hapo ndipo bao lilipochezwa, maiti alipongojewa, posa ilipoletwa. Ghorofa ya saba haina baraza. Watu wakashuka, wakaziunda upya chini, kwenye matofali na viti vilivyovunjika, maana mtaa ukiuawa hujaribu kufufuka.

Na mji wetu wa mawe, uliotiwa katika Turathi za Dunia mwaka 2000, unakabiliwa na maradhi yale yale ya Jeddah: nyumba inapona na mkaazi anaondoka. Lakini limefanyika na jambo la kuigwa. Kuanzia mwaka 2013 idara ya mipango miji ya Zanzibar, pamoja na wataalamu wa Uholanzi, ilifanya kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo. Walitembea mtaa kwa mtaa wakiwauliza wakaazi nini hapa kina thamani, na majibu yakatiwa katika ramani: baraza, miti, misikiti, viwanja vya mpira. Haikumaliza kila tatizo. Lakini kwa mara ya kwanza mchoraji aliikuta Ng'ambo imekwisha kuandikwa.

Tunachokitaka

Basi tunasema mambo manne, kwa heshima ya mgeni kwa mwenyeji.

Kwanza, majina. Mitaa imeondoka, majina yasiondoke. Ikiwa njia mpya itahitaji jina, Karantina na al-Sabil yapo, hayagharimu riali moja.

Pili, kumbukumbu. Darat al-Malik Abdulaziz iliyoko Riyadh imekuwa ikikusanya hati na masimulizi ya nchi hiyo tangu 1972. Waliohamishwa bado wako hai. Wengine wako Jeddah, wengine wamerudi Kano, Mukalla au Mombasa. Kuwarekodi ni kazi ya miaka michache, na miaka michache ndiyo iliyobaki.

Tatu, mtaa ndani ya mtaa mpya. Katika hizo nyumba 17,000 zitengwe za wapangaji, na chini ya majengo yaachwe maduka madogo ambayo mtu mmoja na mwanawe wanaweza kuyashika. Na rawashin zifunguke. Zikifunguka, mtu atakaa ndani yake, na akikaa ataitazama njia, na njia ikitazamwa hugeuka mtaa.

Nne ni juu yetu sisi, familia tuliotawanyika. Wengi wetu tunayo masanduku yenye karatasi kama ile ya shangazi yake mama: wasia, risiti za mawakili wa hija, barua zilizotumwa Unguja na mtu aliyekwenda Jeddah na hakurudi. Tunaziona ni takataka kwa kuwa hazina muhuri. Wachora ramani hawawezi kulaumiwa kwa kuandika ardhi tupu ikiwa wenye habari zake tumezifungia darini. Zifungueni, zisomeni kwa watoto, na pelekeni nakala mahali panapohifadhiwa.

Ile yetu tumekwisha kuinakili. Tumeiandika upya kwa herufi za sasa, tukaweka pembeni yake jina la mtaa, mwaka tulioukuta na mwaka tuliokosa kuuona tena. Mipaka yake tumeiacha kama ilivyo: Mhadhrami, Mhausa, mjane wa Kijawa, na njia.